Daftari la Mama Mkwe

Marafiki, leo heshima yangu imekwisha. Haikupotea, najua mahali iko. Iko Mulanda, ndani ya daftari la mama mkwe, na nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Acha niwaambie mimi kabla hamjaambiwa na wengine. (Busia hii ukipiga chafya upande wa Uganda, wa Kenya wanakwambia pole.)

Mnanijua. Wandera, fundi cherehani, miaka arobaini na nane, watoto wanne. Msichojua ni kwamba tangu mwaka uanze, mambo ya chumbani yamegoma. Yamegoma kabisa! Nikanyamaza. Nikajifanya nina kazi nyingi, nikawa nashona sare za shule ambazo hakuna shule iliyoziagiza. Mke wangu Athieno akavumilia, akachoka. Wiki tatu zilizopita, akienda kwao Mulanda kumwangalia dada yake aliyejifungua, aliniuliza pale mlangoni: "Baba Nekesa, umepata mwingine, sivyo?"

Nikainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Akaondoka na ukimya huo kama ndio jibu.

Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kurudi, saa sita mchana. Nikajiambia, Wandera, leo ni leo. Mwanamke huyu akiona chumba bado kimenuna, safari ijayo harudi.

Kwenda kwa daktari? Mimi? Daktari wa hapa namshonea suruali! Nikavuka upande wa Kenya, ambako hawanijui. Kuna jamaa wa begi pale sokoni, anauza dawa ya panya, dawa ya minyoo na "dawa ya wazee", zote begi moja. Hakuniuliza presha. Hakuniuliza sukari. Aliniangalia tu kutoka juu mpaka chini (mwili huu mnaujua), akasema:

"Mzee, wewe meza mbili. Moja ni ya watu wembamba."

Nikameza mbili saa tano na chai ya rangi. Nikaoga, nikajipaka mafuta, nikavaa shati jipya. Saa sita kasoro nikasikia hodi. Nikafungua na tabasamu la bwana harusi.

Mama mkwe!

Kwa wasiojua mila zetu: mama mkwe humpi mkono, humtazami usoni, hukai naye mkeka mmoja. Na wangu anashika mila mpaka inaumia. Hata maneno haniambii mimi, anaambia kitu kilicho karibu. Akaweka kuku chini, akageukia cherehani yangu pale ukutani, akasema:

"Cherehani, ambia mwenye nyumba Athieno hakuja. Mtoto wa dada yake ako na homa. Mimi natoka kliniki ya presha Tororo, nikasema nipite hapa nilete habari na kuku."

"Cherehani," nikajibu, "mwambie mama ahsante sana."

Hapo hapo dawa ikaanza kazi, ila si mahali nilipoituma. Uso ukawaka moto. Kichwa kikagonga. Ukuta mweupe ukawa buluu. Kuku mweupe akawa buluu! Kifua kikabana. Nikanyoosha mkono nishike meza, nikaanguka juu ya vitambaa vya wateja.

"Uuuwi! Cherehani, mkwe anakufa!"

Jirani akanipakia kwenye boda yake, mbio hadi kituo cha afya. Mama mkwe akafuata na boda nyingine (mila ni mila, hata mtu akifa) na kuku wake kwapani.

Mapokezi, swali la kwanza: "Daftari liko wapi?" Mnajua kwetu huku, bila daftari la kuandikiwa ugonjwa, wewe bado hujaugua. Mimi sina. Miaka sita sijatia mguu hospitali. Mama mkwe akafungua mkoba wake, akatoa lake la presha, lenye jalada la kijani, akampa nesi. "Mwandike hapa. Kurasa ziko mingi."

Nikaona huruma ya mama huyu, nikaona haya.

Daktari akaja (naam, yule wa suruali). Akasikiliza kifua, akashika kidonge kidogo. "Hiki kinakaa chini ya ulimi, kinafungua mishipa ya moyo. Lakini nijibu kwanza. Leo ama jana umemeza dawa yoyote ya nguvu za kiume? Zikikutana na hii, presha inaanguka, na unaweza usiamke."

Kati yangu na benchi la wagonjwa kuna pazia la kitenge tu. Chini ya pazia naona viatu vya mama mkwe na miguu ya kuku. Hata kuku alinyamaza asikie.

"Hapana, daktari," nikasema.

Kidonge kikakaribia. Jamani! Niliona kaburi langu. Nikamwona Athieno amesimama kando yake, bado anajiuliza huyo mwingine ni nani. Nikafunga mdomo, nikasukuma mkono wa daktari, nikaashiria: kalamu! Daftari!

Nikaandika: "Nimemeza mbili za nguvu za kiume saa tano. Nikifa mwambieni Athieno sina mwingine. Ni mwili tu umenikataa."

Daktari akasoma. Akarudisha kidonge koponi haraka kama kimemuunguza. Akaniwekea dripu, akanipima presha kila baada ya dakika chache, akaandika na yeye chini ya maandishi yangu. Baada ya saa mbili akaja kukaa kando ya kitanda.

"Presha yako ilishuka. Kifua ni kiungulia na woga, moyo uko salama. Lakini Wandera, ungeshikilia ile hapana yako, leo ningekuua kwa mkono wangu mwenyewe."

Hakuwa anacheka. Akaniambia shida yangu inaweza kuwa ni sukari au presha inabisha hodi, kwa hiyo nije Alhamisi nipimwe, ndipo aniandikie dawa inayonifaa na kiasi chake. Akamalizia: "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Nikashuka kitandani mwepesi. Nimepona, na siri imebaki kati ya wanaume wawili na daftari.

Daftari!

Nikatoka mbio. Benchi tupu. Kuku amefungwa kwenye mguu wa benchi, ananitazama kwa jicho moja.

"Mama alisikia umepona, akaenda kutafuta gari," nesi akasema. "Daftari nimempa. Si ni lake?"

"Si ungechana ule ukurasa!"

"Daftari la mgonjwa halichanwi. Tena nyuma ya ukurasa huo kuna tarehe yake ya kurudi kliniki."

Nikajipa moyo: mama mkwe hajui kusoma. Kisha nikakumbuka nani humsomea. Baba mkwe! Mwalimu mstaafu! Kila mama akitoka kliniki, mzee huvaa miwani, hukaa barazani, na kusoma kwa sauti ya darasani mpaka walio shambani wanajua presha ya mke wake ni ngapi.

Saa kumi na moja simu ikaita. Nikasimama kuipokea.

"Wandera."

"Baba."

"Nimesoma."

Nikaketi tena.

"Nimesoma mpaka chini." Akakohoa. "Athieno yuko hapa. Zungumza naye."

Sauti ya Athieno sikujua kama inacheka au inalia. "Baba Nekesa. Miezi yote hii, kumbe ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Mimi sikuwa narudi. Homa ya mtoto ni ya jana, imeshaisha. Nilimtuma mama kwanza aone kama kuna mwanamke hapo." Akavuta pumzi. "Nakuja kesho. Alhamisi tunaenda kwa daktari sote wawili. Na huyo mtu wa begi, utanionyesha!"

Machozi yalinitoka, siwafichi. Nilitaka kusema neno, lakini nyuma yake nikasikia sauti nyingine ikipaa. Kwao hakuna cherehani, kwa hiyo mama mkwe akatumia kilichokuwa karibu:

"Simu! Ambia mkwe moja inatosha! Na daktari apime presha kwanza, kama vile hupimia huyu mzee wangu!"

Nikasikia miwani ikianguka barazani Mulanda. Kisha sauti ya darasani ya baba mkwe, safari hii ndogo sana: "Haya, haya, mtandao huu..." Simu ikakatika.

Basi mmesikia yote. Anayetaka kucheka acheke, ila nawakumbusha kwamba suruali zenu za Krismasi bado ziko mezani kwangu, hazijatiwa zipu.