Gunia la Visu vya Bei Kali

Vita vilipofunga barabara ya Uvira, mji wa Baraka ulikosa chumvi, sabuni na visu. Wengine walilia. Dany yeye aliagiza gunia la visu vya kukunja kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, mipini ya kupendeza, mabapa ya bati yasiyoweza kukata hata ugali uliolala.

Kisha akapanda milimani hadi Lubondja, akamwomba mhunzi amfulie kisu kimoja cha kweli, chenye mpini uleule. Hicho ndicho kilichomlisha. Alikikatia kamba, wateja wakaduwaa. Akakikunja, vidole vikacheza kidogo, na mteja akaondoka na bati. Bei aliipandisha makusudi, maana binadamu, Mungu amhurumie, akiuziwa ghali huamini.

"Kitu ya muzuri haina bei ya chini," aliwaambia kwa sauti ya mchungaji.

Lakini wateja aliowauzia kule Nundu walikuwa wameanza kumuulizia, na si kwa mapenzi. Ndiyo maana alipomwona Roger ufukweni akipakia boti ya kwenda Kigoma, roho ilimtulia. Roger alikubali kumvusha na kuchukua gunia lote kama nauli, mradi kwanza aone kisu kikikata kamba ya nailoni. Amalize tu kupakia.

Angengoja kimya, angevuka. Ila alipita Adolphine, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na Dany hakuwa mtu wa kuacha kikapu kizito kipite. Akakata kamba mbele yake, shwaa. Wakakubaliana: kikapu kwa kisu. Dany akainua kisu akikunje.

"Hapana, papa," Adolphine akamzuia. "Kisu habapanaki mukono kwa mukono, inaleta ugomvi. Weka chini vile iko, wazi. Vita tuko nayo inatosha."

Wanawake wote wa soko wakaitikia kwamba ndivyo. Dany aliijua desturi hiyo tangu utotoni, ila wateja wenye haraka huwa hawaikumbuki. Macho yote yakiwa mkononi mwake, akakiweka mchangani. Adolphine akakiokota, akakifunga kwenye pindo la kitenge.

Roger huyo anakuja. Dany akamkimbilia yule mama, akamwambia kile kina kasoro, amrudishie. Adolphine alimwonea huruma sana, lakini akamkumbusha kwamba kitu kizuri hakina bei ya chini. Dany akarudisha kikapu. Hakikutosha. Akatoa redio. Haikutosha. Akavua koti lake la ngozi, alilolipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, machozi yakimlengalenga.

Adolphine akaweka kisu chini, kimekunjwa.

Dany akakikunjua kwa madaha mbele ya Roger, akakikandamiza kwenye kamba. Kikajikunja upande ambao kisu hakikunjwi.

"Ile ni yenye uliniuzisha Nundu, juma yenye ilipita," Adolphine akasema kwa upole. "Haukunikumbuka."

Akatoa kile cha mhunzi, akaikata kamba kwa pigo moja. Roger akauliza bei. Mama akamjibu kwamba hakiuzwi, ila kinasafiri na mwenyewe. Akapanda botini na ndagala zake, redio, na koti mabegani.

Kwenye barabara ya Nundu kundi la akina mama lilikuwa likishuka kwa kasi, kila mmoja na kisu kilichopinda. Dany akaingia majini hadi kiunoni, gunia kichwani, akiapa kwamba visu vyote sasa ni vya bure, achukuliwe tu.

Roger aliwasha mota, akalipima gunia kwa macho.

"Bure?" akasema. "Bei yako iko juu sana, ndugu yangu."