Kinyozi Kiondolewe

Kwa furaha isiyo kifani, Halmashauri ya Jiji ilitangaza Jumatatu saa tatu asubuhi kwamba ukingo wa maji, uliokuwa umekaa hapo bila kibali tangu dunia iumbwe, sasa utaanza kuvutia. Tangazo lilisomwa mara mbili na mwenyekiti wa Kamati ya Vivutio vya Ukingoni. Mara ya kwanza kipaza sauti kilikuwa kimezimwa na hakuna aliyethubutu kumwambia. Karani wa kamati aliliandika mara zote mbili.

Karani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na kwa miaka tisa alikuwa ameandika kumbukumbu za vikao akifuata kanuni moja tu: kilichoamuliwa ndicho kinachoandikwa. Hakuongeza, hakupunguza. Daftari lake lilikuwa limebeba mambo ambayo mtu mwenye haya asingeyasema hata usingizini.

Kamati ilikaa orofa ya sita, chumba chenye dirisha pana linalotazama maji. Mapazia yalifungwa ili wajumbe waone vizuri picha za maji ukutani.

"Kipengele cha kwanza, ufunguzi," alisema mwenyekiti. "Kipengele cha pili, cheo changu. Hili neno mwenyekiti linanuka samani. Mtu mzima naitwaje kwa jina la kiti? Kuanzia leo mimi ni Kiongozi."

Wajumbe walipiga makofi. Karani aliandika.

Kisha yakaja mawazo. Mjumbe wa kwanza alipendekeza chemchemi kubwa itakayochota maji ndani ya maji, iyarushe juu, yaangukie ndani ya maji. Wa pili alitaka sanamu ya samaki anayepunga mkono. Alipoulizwa samaki ana mkono gani, akasema hayo ni ya wataalamu. Wa tatu alitaka gurudumu kubwa la kupandia watu, lisilozunguka kwa sababu za usalama. Yote yalipita. Lakini wazo lililowasimamisha wajumbe vitini lilikuwa la Kiongozi mwenyewe: Makumbusho ya Mandhari, jengo la ghorofa nne lisilo na madirisha, litakalosimama mbele kabisa ya maji, na ndani yake watu wataona picha ya mandhari waliyokuwa wakiiona kabla halijajengwa.

"Jiwe la msingi ni Ijumaa," alisema. "Sasa, kivutio ni nini? Mwanasheria, tusomee."

Mwanasheria wa jiji, mtu mwembamba aliyezoea kukohoa kabla ya kusema lolote la kweli, alikohoa. "Kivutio ni kitu chochote kinachokusanya watu zaidi ya mia moja kwa dakika zisizopungua kumi, bila watu hao kusombwa kwa malori."

Hapo kwenye malori palizuka mjadala mkali, kwani wajumbe hawakuwahi kuona watu wakikusanyika kwa njia nyingine. Hatimaye walikubali kwa shingo upande. Kivutio kikitambuliwa, kitazungushiwa kamba, kitakuwa wazi kwa umma kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na hakitahamishwa, wala chochote kilicho ndani ya kamba, ila kwa uamuzi wa kamati ikiwa imekaa ukumbini mwake chini ya Kiongozi wake. Vitu vingine vyote vya ukingoni viondolewe ifikapo Ijumaa.

"Pale pa makumbusho pana nini?" aliuliza Kiongozi.

"Pana kinyozi," alisema mwanasheria. "Ana kiti, kioo cha kutundika, na mwavuli."

Kalamu ya karani ilisimama. Huyo kinyozi alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyemlea tangu mama alipofariki. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti kile miaka ishirini na sita. Pale ndipo karani alipofanyia kazi zote za shule, chini ya mwavuli, nywele za watu zikiangukia daftarini.

"Kiondoke," alisema Kiongozi.

Mwanasheria alikohoa. "Mheshimiwa, sheria inaturuhusu kuondoa vitu. Watu haiwataji. Kiti tutabeba. Kinyozi mwenyewe akikataa, amekataa."

Kiongozi alitabasamu. Kabla ya kuitwa kulitumikia jiji alifundisha Kiswahili mihula miwili, na wanafunzi wake bado hawajapona.

"Neno kinyozi linaanza na nini?"

"Na... ki, mheshimiwa."

"Kiti?"

"Ki."

"Kioo?"

"Ki."

"Kiti, viti. Kioo, vioo. Kinyozi, vinyozi. Kitu, vitu! Ngeli ni moja. Angekuwa mtu angeitwa mnyoaji."

"Lakini tunasema kinyozi amekuja, hatusemi kimekuja."

"Mnasema mitaani. Hapa ni ofisini. Karani, andika: kinyozi kiondolewe."

Karani alihisi uso ukimwaka. Alitaka kumrushia daftari la kurasa mia nne. Badala yake akauliza, kwa sauti ya kazi, "Mheshimiwa, uamuzi huu wa ngeli ni wa kinyozi peke yake, au ni wa jumla?"

"Wa jumla! Sheria haina upendeleo. Kila neno lenye ki na vi ni kitu, na ukingoni kitatendewa kama kitu."

Karani aliandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko siku zote, akampa Kiongozi atie sahihi, naye akatia bila kusoma.

Mchana ule alishuka hadi ukingoni. Mjomba alikuwa anamalizia kisogo cha mpakuaji mizigo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

"Wamekaa kikao. Wamesema wewe ni kitu."

"Kitu gani?"

"Hawakutaja."

Mjomba aliufuta wembe taratibu. "Watu wa mji huu wananiachia shingo zao, nami nimeshika wembe. Hakuna aliyewahi kuniita kitu. Na huyo bwana wenu nilimnyoa siku ya harusi yake. Muda wote ananiita kaka, kaka, usinikate." Alitazama maji. "Sasa niende wapi, mama?"

Karani alilichukia daftari lake.

Wiki nzima kamati ilituma mhesabu vichwa kupima vivutio. Huyu watu walimwita Tiki, kwa mlio wa kidude alichobonyeza kila alipomwona mtu. Sanamu ya samaki, iliyotengenezwa haraka kwa mbao, ilivuta watu wanne, wawili wakiulizia choo. Chemchemi ilivuta mmoja, fundi wake.

Ijumaa Kiongozi alifika na jiwe la msingi, suti mpya, na askari wanne wa jiji, mwanasheria na karani wakifuata nyuma. Lori la kusomba watu lilikuwa limeharibika njiani. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono magotini.

"Wewe! Ondoka!"

"Ukiniambia ondoka, unazungumza na mtu," alisema mjomba. "Kitu hakiambiwi. Kitu hubebwa."

Kiongozi aliwageukia askari. Askari walitazama viatu vyao. Wote wanne walikuwa wamenyolewa vizuri.

"Mbebeni!"

"Mheshimiwa," alisema mmoja, "ndevu zangu ananijulia yeye tu."

Basi Kiongozi akavua miwani, akainama, akakumbatia miguu ya kiti ili akibebe na mtu wake. Suti ilipasuka mgongoni, kutoka kola hadi mkanda. Watu wakasimama. Kiti hakikusogea hata inchi. Akakizunguka, akakivuta, akakitukana, akateleza juu ya nywele za watu, akakaa chini puu. Wachuuzi waliacha meza zao, abiria walishuka kwenye mabasi. Tiki, mtu wa kazi, alibonyeza kidude mpaka kidole kikafa ganzi.

Kisha akamwendea karani, akapiga saluti. "Watu mia tatu arobaini na wawili. Dakika kumi na saba. Hawakusombwa."

"Wamekusanywa na kitu gani?"

Tiki alifikiri. "Kiongozi."

Karani alifungua daftari na kusoma kwa sauti: kipengele cha kivutio, kipengele cha ngeli, sahihi. Macho yote yakamgeukia mwanasheria. Alikohoa muda mrefu sana.

"Kiongozi," alisema. "Viongozi. Ki, vi."

"Mimi ni mwenyekiti!" alipiga kelele aliyekaa chini. "M-wa! Mwenyekiti, wenyeviti!"

"Cheo hicho ulijivua Jumatatu, mheshimiwa," alisema karani. "Kipengele cha pili."

Askari walifunga kamba kwa bidii ambayo jiji halijawahi kuiona. Ndani ya kamba walikuwemo Kiongozi, kiti, kioo, mwavuli na mjomba, na kwa mujibu wa sheria hakuna hata kimoja kinachoweza kuhamishwa hadi kamati ikae ukumbini chini ya Kiongozi wake, ambaye hawezi kufika ukumbini kwa kuwa amezungushiwa kamba. Makumbusho yaliahirishwa. Jiwe la msingi linatumika kuzuia mwavuli usipeperushwe.

Sasa ni wiki ya sita. Kiongozi kinafunguliwa saa mbili kamili. Kuna ubao: USIGUSE. Wageni hupiga picha, na mjomba, asiyejua kuweka kinyongo, amekiachia kiti ili kisisimame juani.

"Tulia, mdogo wangu," humwambia, wembe ukiwa shingoni. "Nipunguze na pembeni?"

Jana karani alipita kukagua. Kiongozi kilimshika mkono juu ya kamba, machozi yakikilengalenga, kikamwambia neno moja. Karani alifungua daftari akaliandika kama lilivyo, hakuongeza, hakupunguza: Kiongozi kimesema chenyewe ni mtu. Hoja imepokelewa. Itajadiliwa kamati itakapokaa.