Mtakatifu wa Makarani

Jumapili ya kwanza ya Novemba 1953, katika kanisa la Dilala, mjini Kolwezi, Polycarpe Ngeleka alimwona muungwana mmoja mwenye tai na miwani akichovya kalamu yake ya wino katika maji ya baraka.

Si kidole. Kalamu. Bwana yule alitazama kushoto, akatazama kulia, akachovya ncha mara moja, akaipangusa kwa kitambaa cheupe na kuirudisha mfukoni. Ndipo akapiga ishara ya msalaba, kwa mkono mkavu.

Polycarpe, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya nguzo, aliinamisha kichwa akamshukuru Mungu kwa dhati. Ilikuwa sala yake ya kwanza ya kweli tangu seminari ndogo ya Kasai imfukuze kwa habari ya divai ya misa ambayo haikufika misani.

Alikuwa ameingia Kolwezi kwa gari moshi akiwa na sanduku la mbao, suti moja ya kahawia na Kilatini cha kubahatisha. Kadi ya kazi hakuwa nayo, na asiye na kadi hiyo polisi yeyote aliweza kumrudisha Kasai. Lakini macho hayadaiwi kadi. Kule mgodini Musonoi aliona wachimbaji wakivaa rozari shingoni wanaposhuka shimoni, si kwa kusali bali ili jiwe likianguka lichague kichwa kingine. Aliona akina mama wakichota maji ya baraka kwa chupa za bia hadi padri, ambaye waumini walimwita Mupe, akatia pipa kufuli. Aliona makipa wawili wakizika skapulari, vile vitambaa vya Bikira vinavyovaliwa shingoni, kila mmoja golini kwake. Mechi ikaisha bila bao, na pande zote mbili zikasifu nguvu za Bikira. Wote hao walikuwa Wakristo safi. Ungewauliza habari za uchawi, wangetema mate chini na kusema hayo ni mambo ya wapagani.

Misa ilipokwisha, Polycarpe alimfuata mwenye kalamu hadi uani.

"Moyo, tata," alimwamkia kwa salamu ya kwao, kama kusema 'salamu, bwana'.

"Moyo. Unanijua?"

"Mi siwajue, tata. Kalamu ndiyo naijua."

Yule bwana alishika mfuko wa shati kana kwamba umeshika moto. "Kalamu gani?"

"Ile mulibatiza sasa hivi. Musiogope! Batu ya akili yote banafanya vile. Lakini maji peke yake ni sawa lampe bila mafuta. Mupe akibariki, anasema luga gani?"

"Kilatini."

"Na ninyi, pale kwa maji, mulisema luga gani?"

"Mi... sikusema kitu."

"Ona sasa!" Polycarpe alitikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. "Mungu anasikia Kiswahili, ndiyo. Anasikia na Kiluba. Lakini shetani, tata, ule ni mutu wa zamani sana. Ukimusemesha Kiswahili, anakujibu. Ukimusemesha Kilatini, anatii."

Yule bwana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa ameingia mtegoni kwa miguu yake yote miwili, na viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

Jina lake lilikuwa Badibanga, karani wa ghala. Alikuwa ameomba ile kadi ya serikali ya Wabelgiji iliyomtangaza Mwafrika kuwa évolué, yaani mtu aliyestaarabika. Mwenye kadi hakuchapwa fimbo kama mtoto, na ofisini aliitwa Monsieur. Ili kuipata, kamati ilikuja nyumbani kwa mwombaji kuhesabu uma na shuka, kukagua choo, na kuhakikisha kwamba mwenye nyumba ameachana kabisa na ushirikina. Sharti hilo la mwisho ndilo lililomtia Badibanga hofu kubwa kuliko yote, na kwa hofu hiyo akawa anatafuta dawa.

"Jirani yangu Tshilombo walimunyima karte mwaka jana," alinong'ona. "Toka pale anaangalia gramafoni yangu na jicho moja ya mubaya. Na velo yangu vilevile."

"Gramafoni," Polycarpe alirudia polepole, kama mtu anayetajiwa jina la mchumba. "Na velo."

Jioni ile alikula kuku nyumbani kwa Badibanga.

Nyumba ilikuwa safi kuliko sakristia. Gramafoni ilikaa juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Baiskeli, ile velo yenyewe, iling'aa ukutani. Aliyefuma kitambaa ni Ndaya, mke wa Badibanga, mwanamke wa maneno machache aliyelelewa na masista, na ambaye sasa, kwa amri ya maendeleo, alilazimika kula meza moja na mumewe na wageni wake. Polycarpe alifungua sanduku. Alitoa tawi la mtende, chupa ya maji, na kitu kidogo cha duara kilichoshonewa ndani ya kitambaa chekundu.

"Hii," alisema, "ni medali ya Mutakatifu Skriptorius, musimamizi ya bakarani. Balimuua kule Roma juu alikataa kuandika bongo."

Karani kufa kwa kukataa kuandika uongo! Hapo Badibanga, aliyejua makarani wengi, angeweza kuingiwa na shaka. Badala yake alipiga ishara ya msalaba.

"Tunaweza kuiona?" Ndaya aliuliza.

"Mama, medali ya nguvu haiangaliwe. Itashonewa ndani ya muto, upande ya kichwa cha tata. Na hili tawi ni la Jumapili ya Matawi. Litakaa chini ya mulango."

Ndaya alilichukua tawi, akalipinda. "Jumapili ya Matawi ilikuwa mwezi wa tatu, tata Polycarpe. Ya kwetu ilikauka hata mbele ya Assumption, mwezi wa nane. Hii juu ya nini iko inatoa maji?"

"Baraka, mama! Baraka ndiyo inalishika bichi."

"Aa," alisema Ndaya, na akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili. Akatwaa sindano, akaishona medali ndani ya mto yeye mwenyewe, chumbani, akiwa peke yake. Alikawia kidogo kuliko ilivyohitaji kazi hiyo, lakini Polycarpe alikuwa ameelekeza akili zote kwenye paja la kuku.

Akawa mgeni wa kila Jumapili. Alinyunyizia choo maji. Alinong'oneza uma Kilatini, moja baada ya moja. Badibanga alinenepa kwa matumaini, naye Polycarpe alinenepa kwa kuku. Kisha, siku za kamati zilipokaribia, alitoa utambuzi wake mkubwa.

"Tata, nyumba imepona. Lakini kuna bitu mbili jicho ya Tshilombo imeingia ndani yabo kabisa. Gramafoni na velo. Kamati ikibikuta hapa sawa vile biko, karte imekufa. Inafaa bilale kwa misioni, chini ya altare. Mi nitabipeleka mwenyewe. Mutabipata mbele ya kamati kukuja."

Kusema kweli, vitu vile vingelala ndani ya gari moshi la kwenda Tenke, pamoja na mpelekaji.

Badibanga aliguna. Kuachana na gramafoni ilikuwa kama kung'oa jino. Lakini Ndaya, ambaye Polycarpe alitarajia upinzani wake, aliweka sahani mezani na kusema, "Anasema haki. Kamati iko inakuja Ijumaa. Akuje kubichukua Jumatano, saa kumi, mume wangu akiwa ku kazi. Pasipo Tshilombo kuona batu mingi."

Badibanga alimtazama mkewe akafungua mdomo. Ndaya akamwongezea mchuzi, naye akaufunga mdomo.

Jumatano saa kumi Polycarpe alifika akiwa amevaa kanzu nyeupe ya katekista, mali ya kamba ya nguo ya mtu mwingine. Ndaya alikuwa peke yake. Baiskeli ilikuwa imesogezwa katikati ya sebule na gramafoni imefungwa kwenye keria, tayari kwa safari.

"Mama, Mungu akubariki. Mi nakwenda."

"Hivi tu?" Ndaya aliweka mkono kwenye usukani. "Bila kufukuza jicho kwanza? Ikitoka nayo, si itarukia batu ku njia? Mi ni mwanamuke tu, sijue. Lakini ile Kilatini yako, tata Polycarpe... Hata Mupe hasemi vile. Yeye anasema sawa mutu mwenye usingizi. We unasema sawa askofu."

Mwizi wa kawaida angekwenda zake. Polycarpe hakuwa mwizi wa kawaida. Alikuwa na kipaji, na kwa muda mrefu hakuna aliyekisifu. Akakunja mikono ya kanzu.

"Lete maji," alisema.

"Kwa nguvu, tata. Shetani mwenyewe alisikie huko aliko."

Polycarpe alichovya tawi bichi, akaichapa baiskeli mbele na nyuma, akapaza sauti hadi mabati yakaitikia: "Mensa, mensa, mensam! Mensae, mensae, mensa!"

"Tena!" alisema Ndaya, akirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea mlango.

"Mensae, mensae, mensas!"

Mlango ulifunguliwa. Mlangoni alisimama Bwana Administrata, Mbelgiji aliyeiongoza kamati, na kofia yake ya jua. Nyuma yake alikuwa Mupe. Na nyuma ya Mupe alikuwa Badibanga, tai imekazwa, jasho linamshuka. Kwa maana kamati ilikuwa ya Jumatano tangu mwanzo, na Badibanga aliijua siku hiyo vizuri kama alivyoujua mchuzi uliomnyamazisha.

Baiskeli ilikuwa bado inadondosha maji.

"Mwanangu," Mupe alisema, "kwa nini unaisomea baiskeli maumbo ya neno 'meza'? Hilo ni somo la kwanza la watoto wa seminari."

Bwana Administrata alimgeukia Badibanga. Uso wake ulikuwa umeshaandika jibu. "Monsieur Badibanga, nyumbani kwako kuna mganga?"

Badibanga alitoa sauti ndogo kama mlango unaotaka mafuta. Miaka ya kujifunza kula kwa uma ilikuwa inapita mbele ya macho yake.

"Ndiyo, Bwana," alisema Ndaya. "Huyu anazunguka cité yote, nyumba kwa nyumba, anadanganya Bakristu. Mume wangu aliona kumusema tu haitoshe, bazungu watasema ni wivu. Akaniambia: Ndaya, mushike na maneno mpaka kamati ikuje, bamuone na macho yabo. Si ni vile, tata Badibanga?"

Badibanga alimtazama mkewe, akamtazama Administrata, akakumbuka kwamba yeye ni karani, na kazi ya karani ni kuthibitisha yaliyokwisha kuamuliwa.

"Ni vile kabisa," alisema. "Ushirikina, Bwana, ni adui ya maendeleo."

"Tata!" Polycarpe alilia. "Na ile muto?"

"Mto gani?" aliuliza Administrata, akaingia chumbani. Alikuwa mtu wa kukamilisha kazi. Akaubonyeza mto wa upande wa mume, akasikia kitu kigumu.

"Pamba ya Kasai, Bwana," alisema Ndaya. "Haitoke mbegu yote."

Administrata, ambaye hakuwahi kuchambua pamba, aliridhika. Alihesabu uma. Zilitimia.

Polycarpe alipakiwa katika gari la Administrata. Alipokaa, macho yake yaliangukia kipande cha shaba karibu na usukani, kimekazwa kwa skrubu mbili: Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri. Alifikiri kuuliza jambo. Kisha akafikiri vizuri zaidi.

Kadi ilitoka kabla ya Pasaka. Hotuba ya Administrata ilimtaja Badibanga kuwa mfano wa Mwafrika aliyeshinda giza, na hakuna aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko Tshilombo. Wiki hiyohiyo Badibanga alikwenda kumtembelea Polycarpe gerezani, amevaa miwani na tai, na kifurushi cha kuku mkononi.

"Polycarpe, ndugu," alisema kwenye nondo, huku akimtazama askari wa zamu na kushusha sauti. "Ilifanya kazi. Karte iko hapa mu mufuko. Sasa nafasi ya karani mukubwa iko wazi. Nataka ingine ya Skriptorius, lakini ya nguvu zaidi."

Polycarpe alisogea hadi kwenye nondo. Kadi hiyo ilikuwa mzigo pekee aliowahi kuahidi ukafika kwa mwenyewe, na malipo yake yalikuwa nondo hizi. Kweli ilikuwa kitu kigeni kwake, ikabidi aitapike.

"Tata Badibanga, sikia. Hakuna Skriptorius. Ile ni kizibo cha bia. Niliiponda na nyundo, nikashona kitambaa. Bibi yako ndiye alikuletea karte, na akili yake."

Badibanga alicheka kwa upole, kama mtu mzima amchekavyo mtoto.

"Ndaya naye ananiambia ni kizibo. Anasema alifungua, akaona, akashona tena. Nikamuuliza: mama, kizibo kinaleta karte?" Akausogeza mdomo karibu na nondo. "Naelewa, ndugu. Ya kweli haitoke bule. Unataka nini? Velo? Nitakupa velo."

"Nitaipanda wapi?" aliuliza Polycarpe.

Badibanga aliahidi kurudi na kitu kizuri zaidi, akaacha kuku, akaenda zake. Polycarpe aliketi sakafuni akala polepole. Alikuwa ameishi kwa uongo na kushiba. Leo amesema kweli mara moja tu, na hakuna aliyeinunua.

Kivuli kilisimama mlangoni. Alikuwa askari wa zamu, jitu lenye rozari shingoni, aliyesikia kila neno. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kizibo cha bia kilichopondwa hivi punde, bado na vumbi la jiwe, akakipitisha kati ya nondo.

"Tata," alinong'ona, "sajini wangu ananichukia. Weka Kilatini."