Masizi ya Sufuria ya Marehemu

Jumapili, 1 Februari 2009

Ukungu tangu alfajiri. Marina yote, hapa Dubai, imepotea ndani yake. Wapangaji wanazidi kuhama. Wanashuka na masanduku, wanasema wanaenda likizo. Likizo gani ya kubeba mpaka mapazia?

Supavaiza ametuambia mambo. Mlango wa mbele wa jengo utabaki na askari mmoja wa mchana. Sisi tuko wawili, mimi na Hakim Mganda. Mmoja atapelekwa saiti, kule jangwani, kulinda nyumba zilizoachwa nusu. Wanaopelekwa saiti hawarudi mjini. Wanapandishwa ndege kurudi kwao. Mimi sirudi Kimilili ng'o! Kule wanajua mimi ni meneja. Mama mkwe alishatangaza kanisani.

Mchana bahati ikashuka kwa lifti. Madam Glenys wa ghorofa ya kumi na tisa, Muaustralia, mjane. Mumewe, Mzee Keith, alifariki mwaka jana. Meneja wa jengo humsikiliza Madam kuliko anavyomsikiliza mkewe mwenyewe. Alikuwa amebeba shanta kuukuu la turubai lenye fremu ya chuma, na ndani yake buti za ngozi na kisufuria chenye mkono wa waya, cheusi tii. Alisema ni vitu vya Mzee Keith vya kutembelea msituni, tangu ujana wake. Anarudi kwao Ijumaa ya wiki ijayo. Marafiki wa marehemu watapanda mlima pamoja naye, wabebe shanta hilo, wachemshe chai. Akauliza nani kati yetu anajua vitu vya mlimani.

Nikaruka. Nikamwambia mimi nilikuwa mpagazi wa Mlima Elgon. Ni kweli kabisa. Hakim naye akajitia kimbelembele, eti yeye ni mzaliwa wa Budadiri, chini ya mlima huo huo, upande wa Uganda. Madam akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akanipa mimi shanta na sufuria, nishone mkanda mmoja wa begani uliokatika. Akampa Hakim buti, atie kamba mpya. Akasema hayo tu, basi.

Hayo tu! Mtu mwenye akili hafanyi hayo tu.

Jumatatu, 2 Februari

Chumbani kwetu, mtaa wa International City. Hakim na mimi tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu. Amening'iniza buti za marehemu karibu na pua yangu.

Nimeshona mkanda kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni uliopakwa nta ya mshumaa. Hivyo ndivyo tulivyoshona mizigo kule Endebess. Nilipofungua shanta, harufu ikanipiga. Moshi, mafuta ya taa, jasho la mtu, nyasi zilizolowa. Nilikumbuka nikipanda kilele cha Koitoboss na shanta kama hili la mwalimu mmoja wa jiografia, mimi nimevaa gambuti zilizojazwa magazeti, koti la shangazi, mvua ya mawe kichwani. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na furaha. Haki, sijawahi kufurahi hivyo hapa Dubai hata siku moja. Machozi yakanitoka kidogo.

Hakim akauliza kama nalia. Nikasema ni nta. Akaanza yake, eti kilele kirefu kuliko vyote kiko upande wao, sisi Wakenya tunapanda vichuguu. Nikamwambia upande wetu una mapango ambamo ndovu huingia gizani kulamba chumvi, wao wana nini? Akasema wana kilele. Damu ikanichemka.

Hapo ndipo nikapata shauri. Buti zimejaa udongo, mwekundu, mgumu, umekaa kwenye nyayo na kwenye mishono. Nikamwambia Hakim kwa upole, ndugu yangu, usiziguse na maji. Ngozi ya zamani ikilowa hupasuka. Hata brashi usiipitishe. Tia kamba, uache.

Uongo mtupu! Nilitaka zifike kwa Madam zikiwa chafu hivyo hivyo, kando ya kazi yangu inayong'aa. Hakim akanishukuru. Akasema sisi ni watu wa mlima mmoja, na Wabukusu na Wagisu ni ndugu wa damu. Akanipa nusu ya chapati yake. Nikaila.

Jumanne, 3 Februari

Siku yangu ya mapumziko. Nimefanya kazi kama punda.

Shanta nimelitumbukiza kwenye beseni la Omo usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa kama kahawa. Nikamwaga, nikarudia. Bado lilikuwa na madoa ya kijani kibichi na ya kahawia, kwa hiyo nikatia dawa ya kung'arishia mashuka. Likawa jeupejeupe, kama shuka la hoteli. Harufu yote imeisha. Sasa linanukia maua.

Kisha sufuria. Ole wangu, sufuria ile! Masizi juu ya masizi, magumu kama gamba. Mzungu na elimu yake yote, na hakuna aliyemfundisha kusugua sufuria! Kwetu mama angelala njaa kuliko kupikia mgeni kwenye kitu kama kile. Mama alikuwa anazisugua zake kwa majivu na mchanga wa mto, anazianika kwenye uchaga nje, mtu akipita barabarani anajionea uso wake. Wanawake walioolewa kijijini walipimwa kwa sufuria. Mimi ndiye mtoto aliyesugua. Naijua kazi hiyo.

Nimetumia stiliwaya mpaka vidole vikatoka damu. Gamba la kwanza likaondoka, la pili likaondoka, likatokea bati jeupe. Nikaendelea. Sasa inang'aa hata ukiiweka kwenye kabati la maonyesho.

Damaris alipita kunipa kufuli niliyomwazima. Yeye husafisha korido za jengo letu, Mkisii, ulimi wembe. Akatazama shanta na sufuria kwenye balkoni, akauliza Madam alisema nini hasa. Nikamwambia alisema mkanda. Akauliza, basi haya mengine? Nikamwambia haya ni maarifa. Akatikisa kichwa, akasema kama ni yeye angemrudishia mjane kitu chake alivyompa. Nikamwambia ndiyo maana yeye anashika mopu na mimi nitabaki mlangoni. Akaondoka bila kuaga. Wivu.

Jumatano, 4 Februari

Siwezi kuandika.

Nitaandika.

Tulipanda naye lifti, Hakim na buti zake za matope ndani ya mfuko wa duka la Lulu, mimi na mzigo wangu umefunikwa kwa taulo. Nyumba ya Madam ilikuwa imebaki makaratasi na maboksi. Nikajiombea nafasi ya kwanza. Nikavuta taulo hivi, kwa madaha.

Madam akashika shanta, akalinusa. Akalinusa tena mahali pengine, pembeni, ndani ya mfuko mdogo. Halafu akachukua sufuria, akaigeuza chini, akaigeuza juu, anatafuta. Nikadhani anatafuta doa. Nikamwambia kwa fahari, Madam, hakuna, nimetoa yote.

Akakaa juu ya boksi akalia. Si kilio cha Kizungu cha leso. Kilio cha kwetu.

Baadaye akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyoniua. Alisema masizi yale yalikuwa mioto yote ya Mzee Keith. Alianza kuchemshia chai katika sufuria ile kabla hawajaoana. Watu wao wa kutembea msituni hawaioshi kwa nje kamwe, na kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo mwenyewe anavyoheshimiwa. Moto wa fungate yao ulikuwa humo. Moto wa safari yake ya mwisho ulikuwa humo, juu kabisa. Na mimi nilimwaga yote kwenye sinki la International City.

Nilitaka sakafu ipasuke ghorofa zote kumi na tisa.

Kisha Hakim akatoa buti. Madam akazigeuza, akauona udongo, akaugusa kwa kidole. Akasema huo ni udongo wa mlima wao wa mwisho. Akamkumbatia Hakim! Akamuuliza alijuaje kuziacha hivyo. Na Hakim, mjinga yule, mtu mwema yule, akaninyooshea kidole, akasema ni Zadock huyu aliyenifundisha.

Madam akanitazama. Hakuelewa. Hata mimi nisingeelewa. Nilitafuta neno la kusema nikasema inshallah.

Shanta amelichukua. Sufuria akanirudishia. Akasema nikae nayo, ni sufuria nzuri, safi.

Alhamisi, 5 Februari

Khalas, yamekwisha. Hakim anabaki mlangoni. Madam amemsemea kwa meneja. Mimi naenda saiti Jumamosi.

Hakim ameniletea biriani, hana raha. Nimemwambia sina njaa. Alipolala nimeila.

Jumapili, 8 Februari

Saiti. Nyumba zisizo na madirisha, safu kwa safu, mpaka macho yanachoka. Winchi zimesimama. Hakuna wa kuiba, na hakuna cha kuibwa. Tunalinda upepo.

Mwenzangu ni Mzee Aidarus, Mzanzibari wa siku nyingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, hujambo, watu wa nyumbani hawajambo, na kabla sijajibu akaanza kulalamika goti. Hajamaliza mpaka leo. Kumbe hata chai hana pa kuchemshia, birika la umeme halina umeme. Nikatoa sufuria ya Mzee Keith.

Tumewasha moto kwa mbao za maboksi. Moshi ukanipata machoni. Nilipoinua sufuria, chini palikuwa na weusi kidogo.

Wee! Hapo hapo shauri likanijia kama radi. Madam anaondoka Ijumaa. Nikiwasha moto kila siku, masizi yatarudi. Nitampa Hakim ampelekee. Madam ataona sufuria nyeusi, moyo utapoa, atamwita meneja, na mimi nitarudi Marina kwa basi la kampuni nikiwa nimekaa kiti cha mbele.

Jumanne, 10 Februari

Chai asubuhi, chai mchana, chai jioni. Mzee Aidarus anasema hajapata kunywa chai namna hii tangu aondoke mtaani kwao Ng'ambo, Unguja, na kwamba sasa halali kwa kwenda msalani. Weusi unapanda. Taratibu mno! Nimetupa kipande cha tairi motoni. Moshi ulikuwa mzito, mzuri. Chai ikanuka lori. Mzee akaimwaga, akaniambia kwa heshima zake zote kwamba mwanangu, hapa umenikosea.

Jioni nilichemsha tena kwa mbao, bila tairi. Tukakaa. Ukungu ukaja chini chini juu ya mchanga, ukazifuta zile nyumba. Kukawa na moto tu na harufu ya moshi. Nikamsimulia mzee kuhusu mapango na ndovu. Aliuliza ndovu wanaonaje gizani. Nikasema wanapapasa kwa mkonga, mama mbele, watoto nyuma. Akasema masikini. Kwa muda sikuwa na shauri lolote kichwani. Nilimkumbuka Mzee Keith, mtu niliyekuwa namfungulia mlango tu. Nikaona aibu, aibu ya kweli, si ya kufukuzwa.

Alhamisi, 12 Februari

Sufuria ni nyeusi. Nyeusi kote, mpaka kwenye waya. Ina harufu ile ile. Nimeongea na Hakim kwa simu. Atapita kesho alfajiri na gari la kampuni, aichukue, ampe Madam mkononi kabla hajaenda uwanja wa ndege. Akasema Mungu anibariki. Mzee Aidarus ameitazama akasema sasa imekuwa sufuria ya mtu mwenye historia.

Nilikuwa naifunga kwenye gazeti nikaona pembeni masizi yamebanduka, kuna baka jeupe. Upande mmoja mweusi, upande mmoja una baka. Haipendezi. Hakim atasema nini? Atasema Wakenya hata kuchafua kitu sawasawa hawajui. Nikachukua kitambaa nisawazishe kidogo, hapo tu penye baka. Baka likakua. Nikachukua mchanga kidogo, mwepesi, nisawazishe na upande wa pili. Nao ukabanduka. Na chini nako, ukweli, palikuwa na gundi ya lile tairi. Huwezi kumpelekea mjane gundi ya tairi. Mama angefufuka.

Mzee Aidarus akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nasawazisha. Akaniuliza tena. Mkono ulikuwa umeshika kasi.

Nimemaliza. Nimeifunga upya kwa gazeti safi. Siku ile Madam alikuwa na majonzi, hakuitazama vizuri. Leo mchanga wa jangwani umefanya kazi ambayo stiliwaya haikuweza. Hata mkono wa waya unameremeta. Mtu unaweza kunyoa ndevu ukijitazama.

Safari hii atafurahi.