Kidole cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nesi kanipa mashine ya kupimia sukari na daftari. Nipime kila asubuhi, isizidi saba, niandike, nirudi baada ya wiki. Mke wangu akaitikia kwa niaba yangu! Mimi fundi cherehani. Sindano hunichoma kutwa, sisemi kitu. Lakini hii ni ya wagonjwa, na mimi si mgonjwa. Mgonjwa hulala. Mimi nina sukari kidogo tu, ya kupita.

Jumanne, 4 Machi
Kumi na nne! Mashine mbovu. Nikaandika sita. Mke akabonyeza kitufe, akauliza mbona humu kuna kumi na nne. Kumbe inatunza kumbukumbu! Chombo kimbea.

Jumatano, 5 Machi
Ufumbuzi. Mashine inataka damu. Haikusema ya nani. Kaka wa mke wangu hunipigia pasi dukani. Anajigamba hajameza kidonge tangu azaliwe, na dada yake hachoki kumsifu. Basi kidole chake kinifae. Kakubali, mradi nimpunguzie suruali kiunoni, zinamvuka. Nani mjanja?

Alhamisi, 6 Machi
Sindano mpya, maana mimi si mshenzi. Kidole cha shemeji. Ishirini na moja! Tukarudia. Ishirini na mbili! Shemeji akacheka, akasema mashine ina wazimu, akamaliza jagi la maji, akaenda chooni. Mara ya tatu tangu tufungue. Nikabaki na suruali yake mapajani. Nimeipunguza inchi tatu. Mtu hapungui inchi tatu hivi hivi. Mkasi ukanidondoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nikisema, mke atajua nilichofanya. Nisiposema... Nimemshauri shemeji akapime, kijuujuu tu, kama anayezungumzia mvua. Akajibu hospitali ni ya wagonjwa, yeye si mgonjwa. Maneno yangu yale yale! Kinywani mwake yalisikika ya kijinga mno. Majagi manne leo.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne asubuhi, harufu ya kuungua. Pasi juu ya gauni la mteja. Shemeji kaegemea meza, macho yamelegea, anahema kama aliyekimbizwa. Naita, haitiki. Nikampigia mke, nikamwaga yote: kidole, daftari, ishirini na mbili. Akasema: “Mbebe. Matusi nitakutunzia.” Nikambeba mgongoni hadi barabarani, nikimwomba Mungu asinifie shingoni. Hospitalini daktari alisema tungengoja hadi jioni, tungekuja kuandikisha msiba.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kafumbua macho, kaulizia gauni. Nikalia mbele za watu. Nesi akasoma mashine yangu yote, akanitazama hadi nikaanza kukagua viatu vyangu. Mke ametimiza ahadi ya matusi. Nimeapa mbele yao: kuanzia leo, kidole changu na damu yangu.

Alhamisi, 13 Machi
Shemeji karudi nyumbani na mashine yake. Leo kapata tisa, dada yake akampigia makofi. Mimi kumi na tano. Akanishika bega, akaniambia pole, sisi wagonjwa tuvumiliane. Sisi! Nani alimbeba nani? Mgonjwa hambebi mgonjwa!

Ijumaa, 14 Machi
Nimegundua damu ikichanganywa na tone la maji husoma vizuri zaidi. Nne nukta tisa! Mke kashangaa. Kidole changu, damu yangu. Maji hayakutajwa kwenye kiapo.