Ombi la Kumwondoa Mama Mkwe Wangu Golini

Mbagala Kizuiani,
Temeke, Dar es Salaam.
Agosti 1996

Kwa Katibu,
Kamati ya Mashindano ya Magongo ya Sponji.

Ndugu Katibu,

Nimeandika "Ndugu" kwa mazoea. Kama na wewe tangu mageuzi yaje umeshakuwa Mheshimiwa, nisamehe, mkono bado haujazoea.

Kwanza nawapongeza kwa kutuletea mchezo usioumiza. Kiwanda kilipotupunguza kazi na ghala lake likabaki tupu, wengine tulidhani litaletewa mashine mpya. Likaletewa magongo yaliyovikwa sponji na mpira mwepesi kama andazi, zawadi ya mfadhili kutoka Ulaya, ili tufukuzane humo ndani watu sita kwa sita. Mtu aliyekosa kazi anahitaji nini zaidi?

Mfadhili ameweka sharti kwamba kila timu iwe nusu wanaume, nusu wanawake. Sina ugomvi na wanawake. Ugomvi wangu ni kwamba mwanamke anayekaa golini kwa wapinzani wetu wa Rangi Tatu ndiye aliyemzaa mke wangu. Jina lake silitaji, kwa kuwa nilivyolelewa kwetu Masasi, mkwe hatajwi jina. Humu nitamwita Kipa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu mkwe wa kike hupishwa njia. Ukikutana naye kichochoroni unasogea pembeni, unainamisha macho, unachuchumaa na kumwamkia. Sasa nieleze, Ndugu Katibu, ni kwa kanuni ipi nimkimbilie mama huyo na gongo mkononi, naye kafunga kanga juu ya suruali ya mitumba na kunitolea macho? Mechi ya kwanza nilijisahau. Nilipiga mpira, gongo likapitiliza likamgusa begani. Ni sponji tupu, nakubali. Lakini ukoo mzima wa mke wangu uliitisha kikao, na hakuna hata mmoja aliyeulizia ulaini wa gongo. Ilibidi niende na jogoo kuomba radhi.

2. Nikajirekebisha. Mechi ya pili, kila nilipofika golini niliweka gongo chini, nikachuchumaa, nikasema shikamoo. Kipa kwa adabu zake aliitikia marahaba, kisha akauokota mpira na kuwarushia wenzake, nao wakaja kutufunga. Tulisalimiana vizuri sana siku ile. Salumu, nahodha wetu, akanisimamisha mbele ya mashabiki: "Braza, sie tumekuja kucheza au kuposa?" Tangu hapo mtaa mzima unasema nimeuza mechi, na wanaosema hivyo ndio wanaonipenda.

3. Hili ndilo linaloniuma. Kipa mwenyewe amechukia. Anasema nilimwamkia vile ili watu wamwone kizee asiyefaa kupigiwa shuti, na kwamba mkwe mwenye heshima angemshambulia kama anavyowashambulia makipa wengine. Filomena, mke wangu, akaona mama yake amedhalilishwa hadharani. Akafunga virago, akaenda kukaa kwa huyohuyo Kipa. Kwa hiyo nikimgusa nimekosa, nisipomgusa nimekosa zaidi. Ni wiki ya tatu sasa ninakula ugali wa kupika mwenyewe, nao kila siku unatoka na madonge. Nimemkumbuka Filomena, Ndugu Katibu. Naliandika hili wazi kwa sababu sina pengine pa kulisemea. Wa kwenda kumwomba anirudishie mke ni Kipa, na mlangoni kwake anasimama vilevile anavyosimama golini.

4. Refa hana msaada. Nilipomuuliza kanuni zinasema nini kuhusu wakwe, alifungua kitabu cha mfadhili, akasoma kuhusu unene wa sponji.

Kwa unyenyekevu naomba kamati ichague mojawapo: kila mchezaji alete barua ya mjumbe wa nyumba kumi wa mtaani kwake kuthibitisha kwamba hana mkwe kikosini, au wakwe waanzishiwe ligi yao, wafungane wenyewe, au lipigwe pazia mbele ya goli, tuwe tunapiga mashuti bila kuonana nyuso. Kama yote hayo ni magumu, mchezo ufutwe kabla ya Jumamosi tunapokutana tena na Rangi Tatu. Sponji zichunwe, kina mama washonee mito. Fimbo zirudishwe Ulaya, ambako nasikia wakwe wanakaa mbali.

Nisalimie wajumbe wote, mlinzi wa ghala na jamaa zake, refa na kitabu chake, na mfadhili pamoja na mama mkwe wake, kama anaye na kama huwa wanaonana.

Ni mimi, mwanamichezo mtiifu mpaka hapa nilipofikishwa,

Augustine,
Winga wa kushoto, Kizuiani.

Baada ya sahihi: Nikiwa natafuta gundi ya bahasha, shemeji yangu Recho, mdogo wake Filomena, amefika na ujumbe wa Kipa. Nauandika kama alivyotumwa: "Mwambie Jumamosi aje na gongo, shikamoo aziache nyumbani. Akinifunga hata goli moja la haki, mkewe anaondoka naye palepale ghalani. Ila mie simwachii." Kwa hiyo, Ndugu Katibu, nakuomba sana usiisome barua hii mpaka Jumamosi ipite. Mechi isifutwe, pazia lisipigwe, na Kipa asiondolewe golini hata akiumwa. Kama kuna mpira wa akiba nipatieni leo hii nikafanye mazoezi. Recho alipofika mlangoni aligeuka, akaninong'oneza kwamba Filomena naye ananisalimu, na amesema nipige chini, kushoto kwa mama, goti la upande ule linamsumbua.