Yah: Ombi la Kumnyima Kitindamimba Wangu Ufadhili

Kwa Mwenyekiti,
Jopo la Ufadhili wa Shahada za Uzamivu,
Idara ya Jenetiki.

Ndugu Profesa,

Pokea heshima zangu zote. Mimi ni mfugaji wa kuku, mabanda matatu, na ni baba wa mabinti sita. Huyo wa sita, kitindamimba, ndiye mliyemwandikia kwamba mmempa nafasi ya kusomea udaktari wa jenetiki miaka minne, karo, chumba na posho juu yenu. Mkasema fomu ya kukubali iwafikie kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Naandika kuomba apewe huyo mwingine. Usinione mzazi mwenye roho mbaya. Sababu ninazo, tena nimezipa namba, maana nasikia ninyi watu wa sayansi hampendi maneno ya kurukaruka.

1. Binti huyu ameanza kuivuruga nyumba yangu kabla hamjamfundisha hata somo moja. Dada zangu wawili walikuja kula nasi ili kumpongeza. Katika kumpongeza, dada yangu mkubwa akasema laiti mama yake angezaa mvulana hata mmoja, leo huyo ndiye angekuwa anakwenda. Maneno hayo mke wangu ameyasikia zaidi ya miaka thelathini, mengine kutoka kwangu, na siku hiyo pia aliendelea kupakua. Lakini binti yenu (nasema yenu, maana wangu hakuwa hivi) akaweka kijiko chini. Akaeleza kwa adabu, na kwa mchoro nyuma ya risiti ya pumba, kwamba mbegu ya mama siku zote ni ya aina moja, ya baba ni ya aina mbili, na ni hiyo ya baba inayoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Akaongeza kwamba hakuna mwenye kosa, ni bahati tu. Hilo la bahati hakuna aliyelisikia. Meza nzima ilinigeukia, nami mdomo umejaa.

2. Nilijitetea. Nikasema mambo ya mbegu nayajua kuliko kitabu, na angalau bandani sijawahi kumwonea mama. Mfugaji anataka mitetea wa kutaga. Kila vifaranga walipozidi kutoka madume, niliyemtia hatiani ni jogoo, na hukumu ilikuwa kisu. Binti yenu akanisogezea maji, kwa huruma nadhani. Kisha akasema kwa ndege ni kinyume: kwa kuku, mwenye mbegu za aina mbili ni jike. Ndugu Profesa, nimewachinja majogoo wanne kwa kosa hilo! Yaani miaka yote hiyo nimemlaumu asiyehusika bandani, na asiyehusika nyumbani. Hata mtu anayebahatisha hupatia mara moja moja.

3. Tangu siku hiyo mke wangu anacheka. Angenuna ningejua la kufanya, nimezoea. Anaosha vyombo anacheka, anakunja nguo anacheka. Jana nimemkuta bandani akimwambia jogoo wetu mpya, Jemedari, kwamba asiwe na wasiwasi, kesi yake imefutwa. Dada yangu mkubwa ametuma ujumbe kuwa kichwa kinamuuma na hatakuja kwa muda.

4. Maradhi yameshafika mtaani. Fundi viatu mwenye wasichana watano alikuja kuniuliza kama ni kweli, na mke wake alimfuata nyuma ili asikie jibu. Sasa piga picha akirudi na udaktari kamili! Ataeleza upara wangu umetoka wapi, na pua ya dada yangu, na zile hasira tunazosema kila siku zimetoka upande wa mke wangu. Hakuna ukoo utakaobaki umesimama. Kwa usalama wa taifa zima, mtu wa namna hii abaki nyumbani ahesabu mayai.

5. Na hayo mayai. Dada zake watano wameolewa, wamehama. Ni yeye anayefungua mabanda asubuhi, na ni yeye anayeandika daftari tangu ana miaka saba: nani katotoa, nani kafa, nani kataga. Sisemi mimi nitaona upweke. Nasema kuku wataona upweke.

Kwa sababu hizo, bahasha yenu nimeihifadhi mahali salama, chini ya kuku mwekundu anayeatamia. Huyo haguswi na mtu, mdomo wake ni koleo. Amebakiza siku kumi atotoe, na fomu yenu imebakiza sita. Binti amepekua makabati, magodoro, hata gunia la pumba. Nami nimemsaidia kutafuta, kwa bidii sana.

Nisalimie walimu wote wa idara, anayesafisha maabara, na panya wenu walioko vizimbani.

Wako katika kudai haki yangu ya kutojua,

Baba wa Mabinti Sita

Nyongeza: Jana jioni aliacha kutafuta. Hakulia. Alisema basi, baba, labda haikuwa riziki yangu, akachukua daftari akaandika mayai ya siku, kwa mwandiko uleule safi. Chakula kikanishinda. Nilikwenda bandani nikaingiza mkono mwenyewe, nikadonolewa mara tatu. Fomu ameijaza, imo humu ndani. Doa la njano ni la yai, jekundu ni damu yangu, msimhesabie yeye. Mke wangu nimemwomba radhi mbele ya dada zangu wote wawili, pamoja na yule wa kichwa. Amesema nimechelewa sana, lakini amepokea. Basi ombi langu hapo juu lifuteni. Sikulichana ili mjue mtoto huyu ametoka nyumba gani. Naambatisha na daftari lenyewe, huenda likamfaa huko. Kurasa nane za mwanzo ni mwandiko wangu, msiziamini. Kuanzia ule wa tisa ni wa mtoto wa miaka saba, na hapo ndipo hesabu zinaanza kuwa sahihi. Mlitunze.